Jumatano ya Mawingu

Mdogo wangu anaishi Cambridge, na ana tabia ya kumpangia mgeni ratiba kabla hajavua viatu. Siku ya vyuo vikongwe, siku ya mto, siku ya soko. Jumatano usiku aliiandikia neno moja tu kwenye karatasi aliyoibandika mlangoni mwa friji: nyota. Nikachungulia dirishani. Ilikuwa Februari mwaka 2025, saa tisa mchana, na wingu lilikuwa limetanda kutoka paa la jirani mpaka upeo wa macho, zito, halina hata tundu.

"Nyota zipi hizo?" nikamuuliza.

"Zitakazokuwepo, Kaka. Na zisipokuwepo, kuna mhadhara."

Taasisi ya Astronomia ya Chuo Kikuu cha Cambridge ina desturi ya kufungua milango Jumatano usiku, katika miezi ya baridi chuo kinapokuwa na masomo. Hakuna kiingilio. Saa moja na robo unatolewa mhadhara wa nusu saa, kwa lugha ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuifuata. Kisha, mbingu zikikubali, watu wanatoka bustanini kutazama kwa darubini. Nilishangaa kwa nini wameichagua miezi ya baridi, na watu wa huko wanavyolilia kiangazi. Sababu ni kwamba Cambridge iko nyuzi 52 kaskazini mwa ikweta. Mwezi Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku, na giza kamili halifiki hata usiku wa manane. Mtoto wa miaka sita atasubiri mpaka lini? Februari jua linazama saa kumi na moja jioni, na familia iliyokula mapema inaweza kuziona nyota na kurudi nyumbani kabla ya saa ya kulala. Sisi wa karibu na ikweta giza letu linaingia mnamo saa moja, Januari mpaka Desemba, bila kubadilika sana. Saa nzuri ya kumwonyesha mtoto nyota tunayo mwaka mzima, na kwa sehemu kubwa tumeiachia televisheni.

Shemeji alikuwa kazini, kwa hiyo tulitoka mimi, mdogo wangu na watoto wake wawili, binti wa miaka tisa na kaka yake wa miaka sita. Mdogo wangu ni muuguzi na anaamini maradhi yote huingilia miguuni. Alitukagua soksi mlangoni mmoja mmoja. Basi lilituchukua upande wa magharibi wa mji, likapita baiskeli nyingi zinazowaka taa gizani, likatushusha kwenye barabara ya Madingley. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu chini ya miti iliyopukutisha majani yote.

Nilikuwa nikitazamia geti. Kwa mazoea ya vyuo vya kwetu nilishaandaa kichwani majibu ya daftari la mlinzi: jina, ninakotoka, ninakwenda kwa nani, saa ya kuingia. Hakukuwa na daftari. Palikuwa na kibao kidogo chenye mshale, na mbele yetu baba mmoja alikuwa akisukuma kigari cha mtoto huku mkewe akimshika mkono bibi kizee aliyevaa kofia ya sufu iliyomfunika hadi kwenye nyusi. Tukawafuata hao.

Jengo la zamani la kituo cha kutazamia nyota lilijengwa mwaka 1823, na mbele yake lina nguzo nene za mawe za mtindo wa mahekalu ya Kigiriki. Arthur Eddington, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo tangu 1914 hadi alipofariki mwaka 1944, aliishi humo humo pamoja na mama yake na dada yake. Huyu ndiye aliyesafiri mwaka 1919 hadi Principe, kisiwa kilichoko pwani ya magharibi ya Afrika, kwenda kupima kama kweli jua linaupinda mwanga wa nyota unaopita kando yake, kama Einstein alivyodai. Safari ya miezi, kwa meli, kwa ajili ya dakika zipatazo tano za kupatwa kwa jua. Asubuhi ya siku yenyewe, tarehe 29 Mei, ikanyesha mvua kubwa, na hata giza lilipoingia mawingu bado yalikuwa yakipitapita mbele ya jua. Picha nyingi alizopiga hazikuwa na nyota za kumfaa. Zile chache zilizokuwa nazo, pamoja na zilizopigwa na wenzake Sobral kule Brazili, ndizo zilizompa Einstein umaarufu wa dunia nzima. Nililikumbuka hilo nilipoinua kichwa na kuliona wingu letu, ambalo halikuwa limesogea.

Bustanini kulikuwa na watu wamevaa makoti mazito, wakiinamia vyombo vyao. Hawa si maprofesa. Ni wanachama wa chama cha wapenda nyota wa mjini, watu wenye kazi zao nyingine mchana, ambao huzileta darubini zao wenyewe na kuzifunga gizani kwa mikono yenye glavu zilizokatwa vidole. Tochi zao zina mwanga mwekundu, maana jicho likishazoea giza kwa karibu nusu saa, mwanga mweupe wa sekunde moja unairudisha kazi hiyo mwanzo. Mdogo wangu alitoa simu atupige picha. Mzee mmoja akamwomba kwa upole mno aizime, akaomba radhi kwa kuomba, kisha akamshukuru. Waingereza wana namna yao ya kugombeza.

Mzee huyo huyo ndiye aliyetuita haraka. Upande wa magharibi, juu kidogo ya miti, wingu lilikuwa limepasuka, na Zuhura imejitokeza, kali, bila kumetameta. Akaielekeza darubini yake. Binti akachungulia wa kwanza.

"Mwezi!" akasema. "Mwezi mdogo!"

Nikachungulia na mimi. Zuhura haikuwa duara. Ilikuwa imemegeka, pande moja la nuru lenye ncha mbili, na zaidi ya nusu yake haikuonekana kabisa. Nilishasoma shuleni kwamba sayari hiyo ina miandamo kama mwezi, na kwamba Galileo alipoiona mwaka 1610 alipata ushahidi kuwa inalizunguka jua. Kusoma ni kusoma. Huku kulikuwa kusimama kwenye majani yaliyoganda na kuona kwamba nyota ya jioni, ambayo tangu utoto wangu Tanga niliiona kama nukta, ina upande wenye mchana na upande wenye usiku. Ilipofika zamu ya kijana wa miaka sita, pengo lilikuwa limezibwa. Akalia. Mzee akamwambia kwamba amemtunzia foleni, atakuwa wa kwanza tukitoka mhadharani, na akaandika jambo hilo kwenye kijitabu chake, mbele ya mtoto, ili aone limeandikwa.

Ukumbi ulijaa. Walikaa watoto mbele, wazazi nyuma yao, na wale wanaokuja kila wiki walijulikana kwa mito ya kukalia waliyokuja nayo. Msemaji alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, kijana mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wadogo zake. Mada yake ilikuwa mashimo meusi. Alianza na picha ya eksirei ya mkono, ambayo watoto waliijua, akawauliza kwa nini daktari hawezi kuipiga nyota picha ya namna hiyo akiwa ardhini. Kwa sababu hewa yetu inazimeza eksirei zinazotoka angani kabla hazijatufikia, na ni bahati yetu kwamba inazimeza. Anayezitaka inampasa apande juu ya hewa. Mwanzoni watu walirusha roketi ndogo zilizokaa huko juu dakika chache tu na kuanguka. Ndipo mwaka 1970 ikarushwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake.

Akabonyeza kitufe. Kwenye ukuta likatokea jukwaa la chuma limesimama baharini, na chini yake jina: Uhuru.

Mkono wa mpwa wangu ukapanda kabla mama yake hajauwahi. "Mjomba wangu anaongea Kiswahili," akatangaza. Watu wakageuka kunitazama kwa tabasamu, nami nikafanya kama ninatafuta kitu mfukoni.

Lakini nilifurahi, kwa sababu habari yenyewe ni ya kwetu na si wengi kwetu wanaoijua. Jukwaa lile la San Marco lilikuwa la Waitaliano, limesimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Satelaiti ilikuwa ya Wamarekani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, na Marjorie Townsend, aliyekuwa meneja wa mradi, akaona iitwe kwa jina la siku hiyo. Malindi haikuchaguliwa kwa ajili ya ufukwe wake. Kwenye ikweta ardhi inakwenda mashariki kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoruka kuelekea huko inaipata kasi hiyo bure. Zaidi ya hilo, satelaiti ikizunguka juu ya ikweta kwa urefu mdogo inaziepuka sehemu zenye mnunurisho mkali ambao ungevichanganya vipimo vyake. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeliongoza kundi la wanasayansi wake, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Miongoni mwa vyanzo hivyo kimoja kiliwasumbua: Cygnus X-1, kwenye kundi la nyota liitwalo Batamaji. Eksirei zake zilibadilika upesi mno, kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Bado kilikuwa na uzito wa kuivuta nyota nzima iliyo jirani yake. Stephen Hawking, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi katika taasisi hii hii, aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne wa Marekani, yeye akishikilia kwamba kile si shimo jeusi. Alitumia nusu ya maisha yake akiyachunguza mashimo meusi. Kama yangeonekana hayapo, angalau angekuwa ameshinda kitu. Mwaka 1990 akakubali kwamba ameshindwa. Msemaji aliruka haraka alipofika kwenye zawadi ya dau lile, na wazazi wawili watatu wanaoijua hadithi wakacheka chinichini. Lilikuwa gazeti lisilofaa kutajwa mbele ya watoto.

Tulipotoka, wingu lilikuwa bado lipo. Nilitegemea watu waanze kuondoka. Waliondoka wachache wenye watoto wachanga. Wengine walijigawa: hawa wakabaki na wazee wa darubini bustanini, wale wakaelekea kwenye kuba jeupe lililo pembeni, ambamo imo darubini ya Northumberland. Kijana wetu, mwenye foleni yake iliyoandikwa, alikataa kusogea hatua hata moja kutoka kwa mzee. Mama yake akabaki naye. Mimi na binti tukaenda kwenye kuba.

Ndani ni baridi kuliko nje, na kunanukia mbao na mafuta ya mashine. Bomba la darubini lina urefu wa karibu mita 6, limeshikwa katikati ya fremu ya nguzo ndefu iliyoinamishwa kuelekea kaskazini. Mwinamo huo una maana. Fremu inaielekea ncha ile ya mbingu ambayo nyota zote zinaizunguka, ili mtu akiizungusha taratibu aifuate nyota isimtoke. Na kwa kuwa Cambridge iko nyuzi 52 kaskazini, fremu nayo imeinuka nyuzi 52. Ungeijenga Tanga, ingelala karibu sawa na sakafu. Fedha zilitolewa mwaka 1833 na kabaila mmoja mkubwa, Duke wa Northumberland. Lenzi yake, yenye upana wa karibu sentimita 30, ilitengenezwa Paris na Cauchoix. Kazi ilikamilika mwaka 1838, na wakati huo ilikuwa miongoni mwa darubini kubwa za lenzi duniani. Iliyomo sasa ni lenzi mpya ya miaka ya 1980.

Mama aliyekuwa akitueleza, mwanachama mwingine wa chama, aliyapitia hayo kwa haraka. Alipofika mwaka 1846 akakaa kwenye ngazi, akapangusa miwani, na watoto wakamsogelea.

Wakati ule, alisema, sayari ya Uranus ilikuwa haifuati njia iliyotarajiwa. Kijana wa Cambridge, John Couch Adams, alikaa na karatasi na kalamu akakokotoa kwamba huko mbali kuna sayari nyingine inayoivuta. Ufaransa, Urbain Le Verrier naye alikuwa akikokotoa jambo hilo hilo bila kumjua mwenzake. Hesabu za Adams zilipelekwa kwa wakubwa, wakubwa wakauliza maswali, barua zikakaa. Mwishowe, Julai 1846, James Challis, profesa aliyekuwa na darubini hii, akaombwa aitafute. Alianza tarehe 29 Julai. Hakuwa na ramani mpya ya nyota za sehemu ile, kwa hiyo alizipima zote moja baada ya nyingine, azifananishe baadaye aone ipi imehama. Tarehe 4 Agosti aliipima sayari yenyewe. Tarehe 12 akaipima tena. Akaiandika kama nyota, akafunga daftari, na hakuzilinganisha kurasa zake kwa wakati.

"Halafu?" binti akauliza.

Halafu Le Verrier akawaandikia Wajerumani. Barua ilifika Berlin tarehe 23 Septemba. Usiku huo huo Johann Galle na msaidizi wake wakachukua ramani yao mpya, wakaelekeza darubini, na wakaikuta Neptune pungufu ya nyuzi moja kutoka mahali walipoambiwa. Hata hapo Challis alikuwa hajapata habari. Husimuliwa kwamba mwishoni mwa Septemba aliona mojawapo ya nyota zake kama ina umbo la kisahani, na mgeni wake wa chakula cha jioni akamshauri waende kuitazama kwa ukuzaji mkubwa zaidi. Mke wa Challis akasisitiza wanywe chai kwanza. Walipomaliza chai, mawingu yalikuwa yameshafunga.

Watoto walicheka mpaka kuba likaitika. Yule mama aliwaacha wamalize. Kisha akawaambia kwamba Galileo naye aliipima Neptune mwaka 1612, akaidhani nyota, kwa hiyo Challis ana mwenzake mzuri wa kumfariji.

Jambo hili nimelifikiria mara nyingi tangu pale. Kituo kina karne mbili za kazi. Kingeweza kuwaleta watoto na kuwaonyesha medali. Kinawaonyesha chombo ghali kilichoitazama sayari mpya mara mbili kisiijue, na kinawaeleza kwa utulivu kosa lilikuwa wapi: daftari halikusomwa. Nimekaa kwenye mahafali na sherehe nyingi za shule za kwetu, nimesikia historia za mafanikio toka mwanzo hadi mwisho, na sikumbuki hata mara moja mwalimu akisimama kuwaambia wanafunzi, hapa ndipo tulipoikosa. Mtoto anatoka pale akidhani wenye akili hawakosei, na yeye aliyekosea juzi hesabu za sehemu basi hayumo katika kundi hilo. Binti wa mdogo wangu alitoka kubani akiwa na hasira na Challis. Alisema yeye angelisoma daftari. Nadhani angelisoma kweli.

Sitaki nieleweke kwamba kwetu hakuna kitu. Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, nilikuwa Rujewa, wilayani Mbarali, jua lilipopatwa katikati likabaki pete. Mwezi siku hiyo ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukashindwa kulifunika jua lote. Wanafunzi walikuwa wamejaa uwanjani, miwani ya kutazamia ikipita mkono kwa mkono, na akina mama wa chai waliacha majiko yao wakainua vichwa kama sisi wengine. Wiki kadhaa kabla ya hapo Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa akiwaeleza watu kupitia vyombo vya habari nini kitatokea na namna ya kuyalinda macho, kazi aliyokuwa akiifanya kwa miaka mingi. Kenya, Susan Murabana amezunguka shule kwa shule na darubini, hadi zile za vijijini. Watu wapo. Kinachokosekana ni kawaida: ile Jumatano inayokuja kama siku ya gulio, haingoji kupatwa kwa jua wala mgeni rasmi.

Ilikuwa imekaribia saa mbili na nusu tuliposikia kelele bustanini. Wingu lilikuwa limeanza kuachia upande wa kusini, kwanza kwa mabaka, kisha kwa upana. Foleni ikajipanga yenyewe. Mzee akafungua kijitabu, akasoma kwa sauti jina la kijana wetu, na kijana akapita mbele ya watu wazima thelathini kwa mwendo wa diwani.

Ulikuwa mwezi wa nusu, na karibu yake Kilimia. Kwenye mstari unaotenganisha nuru na giza, kreta zilikuwa na vivuli virefu. Jua lilikuwa linawachea watu wa huko, mzee alisema, kama wangekuwepo. Mtoto akauliza kwa nini mwezi umekatwa hivyo, upande wa kulia tu ndio unaowaka. Hapo nikapata la kusema. Nilimweleza kwamba Tanga mwezi huu huu wa nusu, ukishuka usiku wa manane nyuma ya milima ya Usambara, upande wake wa nuru hutazama chini. Mzee akasikiliza, akauliza mdogo wangu atafsiri tena, na akainamisha kichwa chake begani taratibu mpaka kofia ikaanguka, akijaribu kuuona mwezi wetu.

Kilimia kwa macho nilihesabu nyota sita. Kwenye darubini ndogo zilikuwa makumi, bluu, zimetawanyika. Nuru yake imesafiri takribani miaka 440; iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Bibi yangu wa Muheza, aliyelima mahindi na mihogo hadi uzeeni, hakuwahi kukiona kwa chombo chochote, lakini alijua lini kinazama. Alikitazama Kilimia kikiaga upande wa magharibi wakati wa masika: kikizama kwa mvua kitazuka kwa jua, kikizama kwa jua kitazuka kwa mvua, na shamba lake alilipanga hivyo. Nilimsimulia binti. Akataka kujua kama bibi alikuwa anapatia. Nikamwambia alipatia mara nyingi na kukosea mara nyingine, na alipokosea tulikula mihogo.

Kisha Mshtarii. Ilikuwa juu sana, nyuma ya mwezi, na hata kwa darubini ya wastani mikanda yake miwili ya mawingu ilionekana wazi. Tuliona miezi mitatu tu katika ile minne aliyoiona Galileo. Binti akadai wa nne. Mzee akamwambia uko, ama mbele ya sayari ama nyuma yake, na kwamba nuru anayoiona imeondoka huko kama dakika 40 zilizopita, kwa hiyo huenda sasa hivi umeshatokeza na habari hazijamfikia. Akampa penseli na kadi ili achore alichokiona, na saa. Alichora miezi mitatu, akaandika saa, na kwa herufi ndogo chini yake: *wa nne umejificha, nitaangalia kesho*.

Foleni ilipopungua mzee akaniuliza tunaona nini huko Tanga ambacho yeye hakioni. Nikamwambia nyota ya Kaskazini hatunayo. Mabaharia wa pwani waliokwenda Arabuni waliiona ikiinuka mbele ya jahazi wakishavuka ikweta. Tunayo Suheli, ambayo ramani zake zinaiita Canopus, ya pili kwa mwangaza katika mbingu yote ya usiku. Cambridge haichomozi kamwe. Alikuwa akiijua kwa vipimo vyake vyote, mahali ilipo, rangi yake, mwangaza wake, na hakuwahi kuiona kwa macho.

"Mwezi gani ni mzuri?" akauliza.

"Huu huu. Saa tatu na nusu usiku, ukitazama kusini, iko nusu ya njia kuelekea utosini. Huhitaji darubini."

Akafungua tena kijitabu, akaandika. Akauliza nauli ya ndege, na kama Tanga kuna uwanja. Nikamwambia ni rahisi zaidi ashukie Dar es Salaam kisha apande basi, na kwamba mdogo wangu atampa namba ya ndugu zetu wa kumpokea. Ila asije Aprili. Aprili ni zamu yetu ya mawingu.